SOMO LA UKULIMA: KUITAMBUA MINANASI KWA AINA ZAKE



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana dogo, nalo ni jina la mche wa nanasi. Mkulima wa mahindi akiuziwa mbegu isiyo sahihi hugundua kosa baada ya miezi michache, na msimu ufuatao hulisahihisha. Mkulima wa mananasi hana bahati hiyo. Mche aupandao leo humpa tunda la kwanza baada ya mwaka mmoja na nusu, na pengine baada ya miaka miwili, kwa kadiri ya sehemu ya mmea iliyopandwa na hali ya hewa ya mahali. Kosa lililofanyika siku ya kupakua miche hudhihirika siku ya kuvuna, wakati fedha zimekwisha kutumika, palizi imekwisha kurudiwa mara nyingi, na mnunuzi amesimama kando ya shamba.

Kusudi la somo hili ni kumwezesha kila katibu, na kila mwanachama, kuutazama mche au tunda na kusema kwa haki: hili nalijua, na hili silijui. Sehemu hiyo ya pili ni muhimu kama ya kwanza.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA USHIRIKA

Tuchukue mfano. Chama cha msingi kinaagiza miche 20,000 ya aina moja kwa ajili ya wanachama kumi. Ikiwa katika kila miche kumi mmoja ni wa aina nyingine, wanachama watakuwa wamelipia na kupalilia miche 2,000 ambayo mnunuzi wao hakuiagiza. Lakini hasara haiishii hapo.

Kwanza, aina mbalimbali hazikui kwa mwendo mmoja wala kwa umbo moja. Mkulima anapotia dawa ya kuchochea maua ili shamba zima lizae pamoja, minanasi isiyo ya aina moja huweza kuitika kwa namna tofauti. Matunda hukomaa kwa nyakati mbalimbali, na gari la chama hulazimika kurudi shambani mara tatu badala ya mara moja.

Pili, yafaa tukumbuke kwamba mnanasi haupokei chavua ya aina yake wenyewe. Ndiyo maana katika shamba la aina moja tunda hukua bila mbegu. Lakini aina mbili zikichanua pamoja, na chavua ikahamishwa kutoka ua hadi ua, tunda huota mbegu ndogo ngumu za rangi ya kahawia ndani ya nyama, karibu na ganda. Mnunuzi wa kiwanda hazitaki mbegu hizo, na mlaji humtemea muuzaji lawama. Wakulima wa Hawaii walilitambua jambo hili, na sheria za visiwa hivyo hukataza kabisa kuingizwa wale ndege wadogo wa Amerika wanyonyao maua huku wakielea hewani, kwa kuwa ndio wachavushaji wakuu wa mnanasi.

Tatu, kila aina ina udhaifu wake wa magonjwa. Anayedhani amepanda aina stahimilivu, kumbe amepanda aina dhaifu, huweza kulipoteza shamba zima katika masika moja. Jambo hili tutalirudia hapa chini.

MMEA MMOJA, MAJINA MENGI

Nanasi ni mwenyeji wa Amerika ya Kusini. Katika elimu ya mimea huitwa Ananas comosus, nalo ni la familia iitwayo Bromeliaceae. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe hawakukubaliana juu ya idadi ya spishi za nanasi. Mwaka 2003 wataalamu Coppens d'Eeckenbrugge na Leal walipendekeza zibaki mbili tu: Ananas comosus, yenye namna tano ndani yake, na Ananas macrodontes, ambayo ni ya mwituni. Mananasi yote tunayokula ni ya spishi ile ya kwanza. Kwa hiyo tunaposema "aina" katika somo hili, hatusemi spishi. Tunasema koo za mmea mmoja zilizochaguliwa na wakulima na kuzidishwa kwa miche.

Koo hizo zimesafiri sana, na kila zilipofika zimepewa jina jipya. Aina iitwayo Smooth Cayenne ilichukuliwa kutoka Guiana ya Ufaransa, ambako mji mkuu wake ni Cayenne, mnamo miaka ya 1819 na 1820. Nchini India aina hiyo hujulikana kwa jina la Kew, ambalo ni jina la bustani maarufu ya Uingereza. Aina ya Queen nayo huitwa Victoria katika kisiwa cha Réunion, na Mauritius katika jimbo la Kerala nchini India. Hivyo mtu anaweza kununua miche ya Victoria, ya Mauritius na ya Queen kwa bei tatu, akidhani amepata aina tatu, kumbe amenunua ukoo mmoja.

Kinyume chake hutokea pia: jina moja hubandikwa mimea tofauti. Katika masoko yetu husikika "nanasi la miiba" na "nanasi lisilo na miiba". Haya si majina ya aina, bali ni maelezo ya jani. Kama tutakavyoona, aina zenye miiba ni nyingi, na zisizo na miiba ni zaidi ya moja.

HATUA YA KWANZA: SOMA JANI

Chagua jani lililokomaa, la katikati ya mmea. Litazame ukingoni katika sehemu tatu: kitakoni, katikati, na nchani. Kisha pitisha kidole polepole. Utakuta moja ya hali tatu zifuatazo.

(a) Miiba ukingoni kote, tangu kitako hadi ncha. Hapa zimo Queen, Red Spanish, na aina za Brazili ziitwazo Pernambuco au Abacaxi.

(b) Ukingo laini, isipokuwa miiba michache karibu na ncha, na pengine michache kitakoni. Hapa zimo Smooth Cayenne na MD-2.

(c) Ukingo usio na mwiba hata mmoja, wenye utepe mwembamba wa rangi ya fedha. Utepe huo ni ngozi ya chini ya jani iliyojikunja ukingoni ikatokeza upande wa juu. Hapa zimo aina za kundi la Perolera, zinazolimwa hasa Colombia na Venezuela.

Usitazame mche mmoja ukatoa hukumu. Tazama mingi, tena kutoka pande zote za fungu. Na uelewe kwamba jani hukuonyesha kundi tu, halikupi jina. Anayeona miiba na papo hapo kuandika "Queen" katika stakabadhi hana tofauti na anayemwona mtu mrefu akamwita kwa jina la jirani yake.

HATUA YA PILI: SOMA TUNDA

Jina hujulikana kwa tunda, tena kwa kulitazama nje na kulikata. Hizi ndizo alama za aina nne za kale.

Smooth Cayenne: Tunda ni kubwa, mara nyingi kilo moja na nusu hadi mbili na nusu, lenye umbo la pipa lililonyooka. Macho yake ni mapana na bapa. Nyama ni ya manjano hafifu, yenye maji mengi na ukali kiasi. Umbo lake lililonyooka ndilo lililoifanya ipendwe na viwanda vya kusindika, kwa kuwa vipande vyake hulingana kwa upana. Wakulima wa Kiwangwa mkoani Pwani, wa Thika nchini Kenya, na wa Luwero nchini Uganda wameizoea aina hii.

Queen: Mmea ni mdogo, wenye majani mafupi. Tunda ni dogo pia, nusu kilo hadi kilo moja na kidogo. Macho ni madogo na yametokeza kama vifundo, hivyo wakati wa kumenya hulazimu kukata kwa kina. Nyama ni ya manjano iliyokolea, kavu kidogo, yenye kuvunjika mdomoni, tamu na yenye harufu nzuri. Shina hutoa machipukizi mengi.

Red Spanish: Tunda ni la mviringo, mfano wa mtungi, la kilo moja hadi mbili hivi. Ganda lake huiva kwa rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Macho ni mapana. Nyama ni hafifu kwa rangi na ina nyuzi. Ganda gumu huifanya istahimili safari.

Pernambuco au Abacaxi: Tunda limechongoka kuelekea juu kama pia iliyogeuzwa. Nyama ni nyeupe au ya manjano hafifu mno, laini, yenye maji na ukali mdogo. Kikonyo ni kirefu, na chini ya tunda huota vichipukizi vingi vilivyolizunguka.

Uzito peke yake usiufanye shahidi. Minanasi iliyobanana hutoa matunda madogo hata kama ni Smooth Cayenne, na Queen iliyotunzwa vema huweza kumdanganya mtazamaji. Utamu nao hubadilika kwa msimu na kwa kadiri ya kuiva. Mashahidi wa kuaminika ni umbo la tunda, umbo la macho, rangi ya nyama, na mahali vinapoota vichipukizi. Wakikubaliana wote wanne, jina limepatikana.

PACHA WAWILI: SMOOTH CAYENNE NA MD-2

Hapa ndipo penye tatizo kubwa la siku hizi. MD-2 ni chotara aliyetokana na kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Mananasi ya Hawaii katika miaka ya 1970, na wazazi wake wote wawili walikuwa na damu nyingi ya Smooth Cayenne. Kampuni ya Del Monte ilianza kuiuza mwaka 1996, nayo ikalitawala soko la mananasi mabichi la Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo miche yake hutafutwa sana na huuzwa kwa bei ya juu. Palipo na bei ya juu, jina huazimwa.

Miche ya aina hizi mbili hufanana. Yote ina ukingo laini na miiba michache nchani. Mtu akikuambia kwamba anaweza kuitofautisha kwa kutazama fungu lililo garini, usimwamini upesi. Tofauti zilizo wazi huonekana katika tunda:

1. Ganda la MD-2 hugeuka kuwa la dhahabu kwa usawa linapoiva. Smooth Cayenne katika nchi za joto za mabondeni huweza kuiva ndani hali ganda bado ni la kijani.

2. Nyama ya MD-2 ni ya manjano iliyokolea zaidi, tamu zaidi, na ukali wake ni mdogo.

3. Tunda la MD-2 likiwekwa katika chumba cha baridi hustahimili, ambapo Smooth Cayenne huelekea kupata madoa ya kahawia au meusi ndani, karibu na moyo wa tunda.

Tofauti ya nne haionekani kwa macho, lakini ndiyo yenye kuuma. MD-2 hushambuliwa kwa urahisi zaidi na ugonjwa wa kuoza moyo na mizizi, unaosababishwa na vimelea viitwavyo Phytophthora, hasa palipo na maji yaliyotuama. Mmea ulioambukizwa hupoteza rangi katikati. Ukiyavuta majani ya moyoni huchomoka bila nguvu, na vitako vyake vimeoza na kunuka. Kwa hiyo anayepanda MD-2 hana budi kuinua matuta na kuchimba mifereji ya kutolea maji kabla ya masika. Sasa mfikirie mwanachama aliyeuziwa MD-2 kwa jina la Smooth Cayenne, akaipanda bondeni kama alivyozoea. Hakukosea kazi yake. Aliyemkosea ni yule aliyeandika jina asilolijua.

MMEA ULIOGEUKA

Mnanasi huzidishwa kwa vipande vya mmea, si kwa mbegu. Hivyo mtoto hufanana na mama. Hata hivyo, mara moja moja hutokea mgeuko katika mmea, na mgeuko huo hurithiwa na machipukizi yake yote. Katika Smooth Cayenne hutokea mimea inayorudia kuwa na miiba ukingoni kote. Wengi huiona wakaiita Queen. Subiri tunda: ikiwa ni kubwa, lililonyooka, lenye macho bapa na nyama hafifu, basi ni Smooth Cayenne iliyogeuka.

Kadhalika hutokea mimea yenye mashungi mengi juu ya tunda moja, na mingine yenye mkufu wa vichipukizi vingi mno chini ya tunda. Mmea wa namna hii ya mwisho ni hatari hasa kwa sababu unapendeza. Mkulima anayetafuta miche huukimbilia kwa kuwa una miche tele, na kwa njia hiyo mmea mbaya kwa tunda huenea shambani upesi kuliko ulio mwema. Kanuni ni hii: usichague mama kwa wingi wa watoto, mchague kwa ubora wa tunda.

MANANASI YA MAPAMBO

Katika vitalu vya maua ya mijini huuzwa pia minanasi ya pambo. Mingine ina majani yenye michirizi ya kijani, nyeupe na waridi, mingine ina tunda jekundu lenye vijani virefu vilivyolifunika, na mingine ina tunda dogo lisilozidi ngumi ya mtoto. Hii si miche ya shamba la chakula, na haifai kuchanganywa na miche ya chama hata kama muuzaji huiita "nanasi la kisasa". Ananas macrodontes, ile spishi ya mwituni, hujulikana kwa alama moja iliyo rahisi: tunda lake halina shungi juu.

DAFTARI LA MICHE

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuwa tumeona kwamba baadhi ya aina hazitofautiki zikiwa miche, kinga yetu ya kweli ni kumbukumbu. Tunashauri kila chama cha msingi kifuate utaratibu ufuatao:

1. Chama kichague shamba mama likiwa na matunda, si baada ya kuvunwa. Bwana Shamba au Bibi Shamba awepo, pamoja na wajumbe wawili wa halmashauri. Mimea isiyo ya aina ing'olewe siku hiyo hiyo.

2. Matunda kadhaa yakatwe, na alama nne tulizozitaja ziandikwe.

3. Miche itengwe kwa sehemu yake: mashungi, vichipukizi vya kikonyo, na machipukizi ya shinani. Machipukizi ya shinani huzaa mapema zaidi, na mashungi huchelewa kuliko yote; yakichanganywa, hata shamba la aina moja halitaiva pamoja.

4. Kila fungu lifungwe kibandiko chenye jina la aina, shamba lilikotoka, sehemu ya mmea, idadi na tarehe.

5. Wakati wa kupokea, katibu na wanachama wawili wachomoe miche 10 katika kila 100, kutoka juu, katikati na chini ya shehena, na kusoma majani. Ukionekana mche wa miiba katika fungu la majani laini, fungu hilo liwekwe kando mpaka lichambuliwe lote.

6. Katibu aandike ni mwanachama gani alipokea fungu gani, na alilipanda upande gani wa shamba lake.

7. Mavuno ya kwanza yakifika, tunda lilinganishwe na jina lililoandikwa, na matokeo yaandikwe katika ukurasa ule ule. Shamba lililothibitika ndilo litakalokuwa mama wa miche ya baadaye.

Mwisho, pale ambapo aina haijulikani, katibu asione haya kuandika "haijulikani", pamoja na mahali miche ilikotoka. Neno hilo halimpunguzii mtu heshima. Jina la kubahatisha likikaa miaka miwili daftarini hugeuka kuwa ukweli machoni pa watu, na wanachama wengine hununua kwa kuliamini. Mnunuzi akikuta mara moja kwamba kibandiko cha chama ni cha kweli, atarudi. Akikuta kwamba ni cha uongo, hatauliza nani katika chama ndiye aliyekosea.

MASWALI YA MJADALA KATIKA MKUTANO WA WANACHAMA

1. Minanasi tuliyo nayo katika chama chetu tunaiita kwa majina gani? Majina hayo tuliyapata kwa nani?

2. Nani kati yetu ana shamba la majani laini? Je, tunda lake likiiva huwa la dhahabu lote, au hubaki na ukijani?

3. Je, mwanachama yeyote amewahi kukuta mbegu katika nanasi lake? Shamba la jirani lilikuwa na aina gani?

4. Mavuno yajayo, ni mashamba gani mawili yanayofaa kukaguliwa ili yawe mama wa miche?

5. Nani atakayelitunza daftari la miche, na litahifadhiwa wapi?

Wanachama waje mkutanoni na matunda mawili au matatu ya mashamba yao, na kisu. Somo hili husomwa vema zaidi tunda likiwa mezani.